Neno Aliloliruka Mwalimu Kisilu

Barua ya thelathini na moja ya Mutie tangu afe ilifika Mbooni siku ya Alhamisi, mwezi wa Machi mwaka wa 1952, ndani ya mfuko wa misheni, pamoja na maboksi mawili ya chaki na mpira mpya wa baiskeli ya mchungaji. Musembi, tarishi wa misheni, aliipima uzito mkononi kabla ya kuitoa.

"Ni ya yule wa Burma," akamwambia Mwalimu Kisilu. "Safari hii imenona."

Bahasha ilikuwa ya kaki, imelowa pembeni kama zote zilizotangulia, kwa sababu huko aliko Mutie mvua haipumziki. Stempu haikuwa nayo. Mwanzoni posta ya Machakos ilizirudisha barua zile, lakini kila iliyorudishwa ilikutwa tena ndani ya mfuko kesho yake, na makarani wakaona ni kujichosha bure.

Kisilu akaitia mfukoni mwa koti, akamaliza somo la hesabu, akapanda kilima kwenda nyumbani. Kasyoka, mkewe, alikuwa ameketi mlangoni akipepeta mbaazi. Kabla ya kuwa mke wa Kisilu alikuwa mke wa Mutie. Alipoiona bahasha aliweka ungo chini, akafuta mikono kwa leso.

"Soma, Mwalimu."

Kisilu akaifungua. Kurasa nne, mbele na nyuma. Alizipitia zote kwa macho, bila haraka, akafika mwisho, akakohoa.

"Anasema hajambo. Mvua ni nyingi. Anauliza kama matuta ya shamba la juu yameshika. Anamsalimu baba yake. Mimi ananishukuru kwa kukusomea."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Kasyoka aliziangalia zile kurasa.

"Karatasi nyingi kwa maneno machache."

"Huandika kwa herufi kubwa," Kisilu akasema.

Herufi zilikuwa ndogo mno, zimebanana hadi ukingoni. Kasyoka hakujua kusoma. Jirani palikuwa na watoto wa darasa la nne ambao wangeweza kumsomea, lakini mke wa mwalimu apeleke barua kwa wanafunzi wa mwalimu? Hilo lingemwaibisha mumewe, na Kasyoka hakuwa mwanamke wa kumwaibisha mtu. Akachukua ungo, akaendelea na mbaazi zake. Kisilu aliingia ndani, akaikunja barua, akaiweka pamoja na zile nyingine ndani ya sanduku la bati alimotunza vitabu vya Jumapili.

Kosa lake lilianza kwa adabu, na yeye alipenda kulikumbuka hivyo.

Wakati wa vita, vijana wengi wa Mbooni walikuwa katika jeshi, na barua zao zilisomwa Jumapili baada ya ibada, kwenye baraza ya shule. Wake walikaa kwenye nyasi, kila mmoja na wakwe zake, naye Kisilu alisimama kwenye ngazi akizisoma moja moja, akizitoa katika Kiswahili na kuzitia katika Kikamba. Ilikuwa kazi ya heshima. Hakuwa na mke wakati huo, na sauti yake ilikuwa nzuri.

Mutie hakujua kuandika. Barua zake aliandikiwa na Hemedi, askari mwenzake, kijana wa Kiislamu kutoka Kitui mjini, ambaye babu zake walikuja na misafara kutoka pwani wakalowea. Mutie alisema kwa Kikamba, Hemedi akaandika kwa Kiswahili. Barua ya kwanza ilifika mwezi wa Februari mwaka wa 1944, nayo ilianza hivi: Kwako Kasyoka, nyonda wangu.

Kisilu alikuwa hajawahi kuliona neno hilo. Lakini Hemedi alikuwa mwandishi mwenye huruma kwa wasomaji, na mstari wa pili ulieleza kwamba nyonda ni neno la zamani la watu wa pwani, nalo ni mpenzi, tena zaidi ya mpenzi.

Kisilu aliinua macho. Mbele yake alikaa Kasyoka, na kando ya Kasyoka alikaa mzee Ndeti, baba yake Mutie, mikono yote miwili juu ya bakora. Wakamba wana kitu wanachokiita nthoni, ile haya ya lazima baina ya mtu na wakwe zake. Mke na baba mkwe hawapishani njiani bila mmoja kutazama pembeni. Kumtamkia Kasyoka neno la kitandani huku mzee Ndeti akisikia kungekuwa sawa na kumvua nguo mbele ya kanisa zima. Kwa hiyo Kisilu alisoma, "Kwako Kasyoka," akaruka, akaendelea na habari za meli na mchele. Akasema moyoni kwamba atamwita baadaye, pembeni, amsomee mstari ule ulioachwa. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu.

Kesho yake alimkuta mtoni akiteka maji, peke yake, wala mkwe hayuko karibu. Kisilu alisimama. Neno lilimjia hadi kwenye ulimi. Ndipo akagundua kwamba akilisema, litatoka kinywani mwake yeye, kwa sauti yake yeye, na kwamba angetaka sana liwe lake. Akasema mvua inaonekana itachelewa. Kasyoka akasema ndiyo, itachelewa.

Barua ziliendelea kuja. Ya pili ilianza kwa neno lile, na ya tatu, na ya nne. Kisilu aliliruka kila mara, na sasa hata mzee Ndeti asipokuwepo aliliruka. Kasyoka alizisikiliza habari za mchele na mabuti akiwa ameinamisha kichwa, halafu akasema aandikiwe jibu: Nimepokea barua yako. Sisi hatujambo. Mbuzi mweupe amezaa. Kisilu aliandika hivyohivyo. Katika barua ya saba Mutie aliuliza mbona halijibu lile neno, au limemchukiza. Hilo nalo lilirukwa.

"Barua zake ni fupi," Kasyoka alisema siku ile.

"Wakubwa wa jeshi hukata," Kisilu akamwambia. Na kweli wakubwa wa jeshi walikuwa na mikasi, kila mtu alijua. Mikasi hiyo ilimsaidia Kisilu miaka mingi baada ya vita kwisha.

Mutie alikufa mwezi wa Novemba mwaka huohuo, kando ya mto mmoja huko Burma, yeye na Hemedi, kwa kombora moja. Alikufa akijua kwamba mbuzi mweupe amezaa. Jambo hilo lilimuuma Kisilu kuliko yote, na lilimuuma kwa haki.

Alingoja karibu miaka miwili. Mzee Ndeti hakuwa na mtoto mwingine wa kiume wa kumrithi mke wa marehemu, kanisa lilikuwa radhi, na mwezi wa Agosti 1946 Kasyoka na Mwalimu Kisilu wakafunga ndoa. Watu walisema Mungu amemfuta mjane machozi. Kisilu aliposikia akainama kufunga kamba za viatu, ingawa zilikuwa zimefungwa.

Barua ya kwanza baada ya kifo ilikuja mwezi wa Juni mwaka uliofuata. Mwandiko ulikuwa uleule wa Hemedi. Kwa kuwa walikufa pamoja, Mutie hakupata shida ya karani. Aliandika kwamba amesikia Kasyoka ameolewa na Mwalimu, na kwamba ni vyema, maana sasa barua hazitachelewa kusomwa.

Kamati ya kanisa ilikaa kulizungumza. Mzee mmoja aliuliza kama mwanamke aliyefungishwa ndoa kanisani aweza kupokea barua za mume wa kwanza. Mchungaji akajibu kwamba kifo kilikwisha kuivunja ndoa ile, lakini hakuona mahali palipoandikwa kwamba aliyekufa hawezi kutuma salamu, mradi asiombe kumwagiwa pombe. Likaandikwa hivyo katika kumbukumbu za kikao, kisha wakahamia suala la mabati. Kisilu ndiye aliyekuwa mwandishi wa kikao.

Baada ya hapo zilikuja kila miezi miwili hivi. Na kadiri zilivyokuja ndivyo zilivyorefuka, kwa sababu Mutie alikuwa amekata shauri kwamba Kasyoka hakulielewa neno. Hakumlaumu. Alijilaumu yeye kwa kumtumia mwanamke wa milimani neno la watu wa pwani bila kumwonyesha mlango wa kuingilia. Basi akaanza kulieleza. Barua moja ilisema Hemedi alilipata kwa bibi yake, ambaye alilitumia kwa marehemu mumewe hata alipokuwa akimgombeza. Nyingine ilisema wako askari wa pwani hapo walipo, nao ni wengi, na kila mmoja ana lake: huyu anasema nyonda ni mapenzi yenyewe, yule anasema ni mtu anayependwa, na walibishana msimu mzima. Nyingine ilisema Lamu watu husema kuonda pale wengine wanaposema kuonja, na kwamba bibi yake Hemedi aliamini neno limetoka huko.

Kisilu alizisoma zote kwa macho, na kwa mdomo akayasoma maneno yaliyobaki baada ya kuruka. Barua ya kurasa mbili ilikuwa sentensi sita. Ya kurasa tatu, sentensi tano. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kisilu ilikuwa imetimiza miaka minane na bado ilikuwa ikipanda kilima. Jumapili alihubiri, na watu walimpenda kwa mahubiri yake juu ya ukweli, kwa kuwa aliyatoa akiwa anatetemeka.

Mshukuru Mwalimu, kila barua iliishia hivyo. Huo mstari aliusoma kila mara. Hakuweza kuuruka, wala hakujua ni kwa nini.

Ile ya Machi, ya thelathini na moja, ndiyo iliyomwondolea usingizi. Mutie aliandika:

"Labda unadhani Hemedi alichagua tu neno la kupendeza. Sivyo. Aliniuliza, huyu mkeo ni mtu wa namna gani, nami nikakosa la kusema, maana sisi kwetu hatuna mazoea ya kusema hayo. Nikamwambia tu habari ya siku ile ya kuondoka. Ulikuwa unapika mbaazi. Ulichota mchuzi ukaumwaga katika kiganja changu, ukasema nionje chumvi. Ulikuwa moto. Nikaulamba nikasema imetosha, nawe ukacheka kwa sababu hukuwa umetia chumvi bado. Hemedi akaweka kalamu chini akasema, basi huyo ni nyonda wako, na akaandika. Ndivyo neno lilivyoanza. Kama hulipendi, sema, tutatafuta jingine."

Katika miaka karibu sita ya ndoa, Kasyoka hakuwahi kumwonjesha Kisilu kitu katika kiganja. Alipika, akaonja mwenyewe, akapakua. Kisilu alikuwa akidhani ni desturi yake.

Shule zilipofungwa mwezi wa Aprili, Kisilu alimwambia mkewe kwamba anakwenda Kitui kuulizia vitabu. Alipanda basi, akavuka mto Athi, akafika Kitui mchana na vumbi kichwani. Bibi yake Hemedi aliitwa Mwanamkasi. Alikaa nyuma ya maduka, katika nyumba za Waislamu, na Kisilu alimkuta barazani akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti. Wewe si wa hapa."

"Natoka Mbooni. Nina barua iliyoandikwa na Hemedi."

Mwanamkasi aliendelea kusuka hadi mwisho wa jani. Kisha akanyoosha mkono. Alijua kusoma herufi za Kiarabu tu, hizi za Kizungu hakuzijua, lakini aliiweka karatasi mapajani akaitazama kwa muda.

"Ndiye," akasema. "Huzivuta mikia herufi zake, kama nilivyomfunza za kwetu. Ya lini hii?"

"Ya mwezi uliopita."

"Kumbe kazi anayo. Nami sijaletewa hata salamu." Akaipangusa karatasi ingawa haikuwa na vumbi. "Humo ananitaja?"

"Anakutaja. Anasema neno nyonda amelipata kwako."

Mwanamkasi alicheka, halafu akaacha kucheka, akajifuta macho kwa pembe ya leso.

"Amelipata kwangu. Naam. Nami nimelipata kwa mamangu, Mungu amrehemu. Watu wa siku hizi hawalisemi, wao ni mpenzi, mpenzi. Mwanangu, mpenzi si nyonda. Mpenzi waweza kumpenda yeye hana habari, ukampenda hata ukafa. Nyonda lazima ajue. Ndiyo maana mamangu alisema latoka katika kuonda. Umepata kumwona mtu aliyeonja kitu asijue ameonja?"

"Hapana, bibi."

"Na neno hili hujibiwa. Mtu akikwambia nyonda, nawe wamwambia nyonda. Likijibiwa hukaa papo hapo lilipojibiwa, haliendi pengine. Lisipojibiwa hurudi kwa mwenyewe likamkaa kooni, akalisema tena na tena." Akamtazama. "Huyo mwanamke alilijibu vipi?"

Kisilu aliangalia mkeka.

"Bado hajalijibu."

"Tangu lini?"

"Tangu vita."

Mwanamkasi hakuuliza zaidi. Pengine alielewa, pengine alidhani Wakamba ni watu wagumu. Alisema tu, "Nenda kamsomee vizuri, Mwalimu. Msomee polepole," kisha akaomba aachiwe bahasha, kwa kuwa ina mwandiko. Kisilu akamwachia. Katika yote aliyoyafanya kwa ajili ya barua zile, hilo ndilo jambo pekee ambalo halikumwonea mtu.

Ndani ya basi, njia nzima, alilipanga. Angeanza na ile ya kwanza ya 1944 na kusoma zote, bila kuruka hata nukta. Angekubali lolote litakalofuata. Aliona haya na aliona nafuu, na alipofika Mbooni jioni ya pili moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu vita.

Kasyoka alikuwa ametoka kwenye mwethya, ile kazi ya pamoja ya kuchimba matuta, na bado alikuwa na udongo miguuni. Hakumpa nafasi hata ya kuvua koti.

"Mwalimu, nimefikiri huko shambani. Chukua kalamu, uniandikie barua."

"Kwa nani?"

"Kwa Mutie."

Kisilu alikaa mezani, akachukua kalamu.

"Mwambie hivi. Mutie, miaka mingi unaniandikia kama karani wa D.C. Mvua, matuta, salamu. Ulipokuwa hai nilingoja uniambie neno moja la mtu na mkewe, hukuniambia. Nikasema ni vita. Ukafa, nikasema sasa una nafasi. Bado unaniambia mvua. Mimi sina hasira. Lakini ikiwa huna neno, usimchoshe Hemedi, na usimchoshe Mwalimu, maana nikimtazama akikusomea naona anavyoumia kwa ajili yangu. Acha kuandika. Pumzika. Ni mimi Kasyoka." Akaiinamia karatasi. "Umeandika yote?"

Hapa palikuwa mahali. Hata mtu mwoga kuliko Kisilu angepaona. Sanduku la bati lilikuwa hatua tatu kutoka mezani, na neno lilikuwa ndani yake mara thelathini na nane, saba za hai na thelathini na moja za kufa. Alimtazama mkewe, miguu yake yenye udongo, macho yake yaliyokwisha kuamua. Akafikiri: akisikia sasa, atanichukia leo na kumlilia Mutie maisha yake yote. Akafikiri tena: nitampoteza. Fikira hii ya pili ndiyo iliyokuwa ya kweli.

"Nimeandika yote," akasema.

Na alikuwa ameandika yote, neno kwa neno, bila kuruka kitu, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Ijumaa Musembi akaichukua. Anwani ilikuwa jina la Mutie na namba yake ya jeshi, na haikurudi.

Mei ikapita bila barua. Juni ikapita. Julai baridi ya Mbooni ikashuka, ukungu ukakaa shambani hadi saa nne, na hapakuwa na kitu. Kasyoka hakuuliza. Alikonda kidogo. Alifanya kazi zake zote, akawapikia watoto wao wawili, akaenda mwethya, lakini alikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Kisilu alikuwa amedhani barua zikikoma atapumua. Badala yake alianza kulisikia lile neno. Lilikuwa kooni mwake wakati wa hesabu, wakati wa wimbo, wakati wa kula. Alimeza maji, halikushuka.

Jumamosi moja ya Agosti, saa kumi hivi, Kasyoka alikuwa jikoni akikoroga mbaazi. Kisilu alikuwa mlangoni akisahihisha madaftari. Bila kuinua kichwa akasema, "Nyonda wangu, niletee kiti kingine."

Mwiko ukasimama chunguni.

"Umeniitaje?"

Kisilu akaweka daftari chini. Alikuwa bado ana muda wa kusema.

"Nyonda. Ni neno la zamani la Waswahili. Nilielezwa Kitui."

"Maana yake nini?"

Alimweleza. Alieleza vizuri, alikuwa mwalimu. Alisema si mpenzi tu, kwa kuwa mpenzi aweza asijue, lakini nyonda lazima ajue. Alisema latoka katika kuonja, kwa mujibu wa bibi mmoja. Alisema mtu akiitwa nyonda naye hujibu kwa neno lilelile. Aliyasema yote yaliyoandikwa na Mutie katika kurasa sabini na kitu, isipokuwa jina la Mutie.

Kasyoka alisimama na mwiko mkononi, uso umemlainika kama wa msichana.

"Ulikwenda hadi Kitui kunitafutia neno," akasema.

Kisilu akaliokota daftari lake.

"Na mimi nikadhani ni vitabu." Akacheka, na Kisilu akatambua kwamba kicheko hiki hakuwahi kukisikia, na kwamba kuna mtu aliyekisikia. "Basi na wewe ni nyonda wangu, Mwalimu. Ndivyo hujibiwa?"

"Ndivyo."

Koo likafunguka papo hapo. Kasyoka alichota mchuzi, akapuliza, akaja mlangoni, akamshika mkono na kuugeuza, akaumwaga katika kiganja.

"Onja kama chumvi imetosha."

Ulikuwa moto. Kisilu akaulamba, machozi yakimlengalenga, na Kasyoka akadhani ni moshi.

Tangu siku hiyo waliitana hivyo. Wanawake wa mwethya walilichukua neno, wakaanza kuwaita waume zao, wengine kwa utani, wengine sivyo. Kasyoka alinenepa. Watu walisema nyumba ya Mwalimu ina baraka, na mchungaji aliitaja katika mahubiri ya ndoa.

Barua ya mwisho ya Mutie ilifika mwezi wa Novemba. Serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari mwezi uliotangulia, na barua zilikuwa zikifunguliwa tena njiani. Hii nayo ilikuwa imefunguliwa na kufungwa kwa karatasi ya gundi, lakini mkaguzi hakuwa amekata kitu. Ilikuwa nusu ukurasa.

Kasyoka alikuwa jikoni, chungu kiko motoni.

"Nilimwambia aache," akasema. "Haya, soma."

Kisilu aliipitia kwa macho kama kawaida, akitafuta mahali pa kuruka. Alifika mwisho. Akarudi mwanzo. Baada ya jina la Kasyoka, Hemedi alikuwa ameacha nafasi tupu, yenye upana wa neno moja, kisha akaendelea. Hapakuwa na kitu cha kuruka. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1944, Mwalimu Kisilu akasoma barua ya Mutie jinsi ilivyoandikwa:

"Kwako Kasyoka," akanyamaza pale penye nafasi, "wangu. Sisi hatujambo. Barua yako tumeipata, na ni haki yako. Hii ni ya mwisho. Nilikuwa na neno nililokuwa nikikuita, tangu nilipopanda meli. Mwezi wa nane lilinitoka. Niliamka sinalo. Nimemuuliza Hemedi, naye limemtoka, ingawa amekaa siku nyingi akimfikiria bibi yake. Tumewauliza watu wa pwani walio hapa, hata wale waliokuwa wakibishana juu yake, hakuna anayelijua. Kama wewe unalikumbuka, tuandikie, hata likiwa peke yake kwenye karatasi. Tungependa kukaa nalo, maana huku hakuna kitu kingine. Mshukuru Mwalimu. Ni mimi Mutie."

Chungu kilichemka. Kasyoka alikipunguzia moto.

"Neno gani hilo?"

"Hakulitaja."

"Kumbe alikuwa akiniita neno?"

"Ndivyo anavyosema."

"Na wewe uliyesoma zote, hukuliona?"

Kisilu aliikunja barua mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Jeshini walikata mengi," akasema.

Kasyoka alitikisa kichwa. Aliacha kukoroga kidogo, kwa heshima, kama mtu anapopewa habari ya msiba wa mbali.

"Maskini Mutie. Mjibu leo, Mwalimu, asingoje. Mwambie mimi sikuwahi kulisikia. Mwambie ningelisikia nisingelisahau."

Kisilu akaleta kalamu, akaandika hivyohivyo, sentensi mbili, kwa mwandiko wa ubaoni. Wino ulipokauka akaitia katika bahasha, akailamba, akaifunga.

"Umemaliza, nyonda wangu?" Kasyoka akaita kutoka jikoni. "Njoo uonje."

Kisilu akaenda, akakinga kiganja.

"Imetosha?"

"Imetosha," akasema.